UA LA UANI NA SARATANI YA WATOTO





Baada ya swala ya Ijumaa moja, mzee wetu mmoja alituita pembeni akatuonesha ua lililoota kwenye ufa wa saruji, karibu na bomba la kutilia udhu. Ua lenyewe bila shaka mnalijua. Majani yake ni ya kijani yanayong'aa, maua yana petali tano, mengine ya waridi iliyoelekea zambarau, mengine meupe yenye jicho jekundu katikati. Akatuuliza: "Wanangu, nyinyi ndio mnaosoma. Nimeambiwa nikichemsha majani haya nikanywa asubuhi na jioni, sukari yangu itashuka. Ni kweli?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia, "Mzee, tupe muda tukasome, na wewe usinywe kitu mpaka turudi." Makala haya ndiyo tuliyorudi nayo. Tulitafuta jibu la swali dogo la mzee mmoja, tukakuta historia inayoanzia Madagascar, ikapita Ulaya na Jamaica, ikafika Canada, na mwisho ikatua hapa hapa Kampala, katika wodi za hospitali ya Mulago.

UA HILI LIMETOKA WAPI?

Asili ya ua hili ni kisiwa cha Madagascar, jirani zetu ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Huko lilikuwa ua la porini kabla halijawa ua la bustani. Lina ndugu zake wa karibu wanane kwa ujumla, ukilihesabu na lenyewe, na saba kati yao asili yao ni Madagascar peke yake. Wa nane anapatikana India na Sri Lanka.

Ni mmea sugu. Ukishaota unaishi mwaka hadi mwaka bila kupandwa upya. Unavumilia jua kali, mchanga mkavu na udongo usio na rutuba, na unajipandia wenyewe kwa kudondosha mbegu zake. Mbuzi na ng'ombe hawaupendi kwa sababu ya uchungu wake, na uchungu huo, kama tutakavyoona, una maana kubwa. Ukipandwa kwa wingi mahali pamoja hufunika ardhi kama busati, ndiyo maana watu wa bustani huupenda kwa kuzibia sehemu zilizo wazi ambazo maua mengine hayakubali.

Katika karne ya 18 mbegu zake zilifika Ufaransa kutoka Madagascar, na kutoka Ufaransa zikapelekwa London, ambako mtunza bustani mashuhuri Philip Miller aliziotesha katika bustani ya mimea ya dawa ya Chelsea. Mwaka 1759 mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, aliupa mmea huu jina la Vinca rosea. Aliuweka katika ukoo mmoja na mmea wa Ulaya uitwao Vinca minor, ambao nao ni ua la porini linalotambaa na kufunika ardhi chini ya miti, lenye maua ya buluu, na lisiloogopa hata theluji. Baadaye wataalamu waliona kwamba hawa wawili wanahusiana lakini si wa ukoo mmoja. Mwaka 1837 George Don akauhamishia mmea wa Madagascar kwenye ukoo wake, na leo jina lake la kitaalamu ni Catharanthus roseus. Hata hivyo jina la zamani halikufa, wengi bado wanauita vinka. Sisi pia tutauita hivyo, na msomaji alikumbuke jina hilo kwa sababu atalikuta tena kwenye chupa za dawa.

Kutoka katika bustani za Ulaya na kwa njia ya meli za biashara, vinka ilienea nchi zote za joto: visiwa vya Karibiani, India, Ufilipino, na pwani yetu ya Afrika Mashariki. Ilipofika ilikaa, na ilipokaa watu wakaanza kuijaribu.

CHAI YA SUKARI

Jambo la kushangaza ni kwamba watu wa nchi zilizo mbalimbali, wasiojuana wala kusikilizana lugha, walifikia imani moja: kwamba majani ya vinka yakichemshwa yanatibu ugonjwa wa kisukari. Imani hiyo ilikuwepo Jamaica, Afrika Kusini, India na Ufilipino. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilisimuliwa kwamba Ufilipino baadhi ya wagonjwa waliokosa dawa ya insulini walikimbilia majani haya.

Kwa hiyo mzee wetu hakuzua. Alilosikia lilisemwa kabla yake na mamia ya wazee wengine. Lakini jambo kusemwa na wengi hakulifanyi kuwa kweli, na hapa ndipo historia yenyewe inapoanza.

BAHASHA KUTOKA JAMAICA

Mwaka 1921, katika mji wa Toronto nchini Canada, Daktari Frederick Banting alikuwa akitafuta dawa ya kisukari. Alihitaji msaidizi wakati wa likizo, na wanafunzi wawili walikuwepo: Charles Best na Clark Noble. Inasimuliwa kwamba wawili hao walirusha sarafu kuamua nani aanze. Best akashinda, na jina lake likaingia katika historia ya insulini pamoja na Banting. Clark Noble alibaki kuwa daktari wa kawaida.

Miaka 31 ikapita. Mwaka 1952 Clark Noble alipokea bahasha kutoka Jamaica. Ndani yake mlikuwa na majani 25 ya vinka, pamoja na maelezo kwamba wenyeji huyachemsha na kunywa kwa ajili ya kisukari. Yeye alikuwa amekwisha kustaafu, hivyo akampelekea mdogo wake, Daktari Robert Noble, aliyekuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Western Ontario, katika mji wa London ulioko Canada (si ule wa Uingereza).

Tutafakari kidogo hapo. Mtu aliyepitwa na bahati ya insulini kwa sarafu moja, anatumiwa majani yanayosemwa ni ya kisukari. Angeweza kuyatupa. Majani 25 makavu yana thamani gani? Lakini hakuyatupa wala hakuyaamini papo hapo. Aliyapeleka kwa mwenye kuweza kuyapima.

PANYA WALIOKUFA

Robert Noble alianza kwa swali lile lile la mzee wetu: je, majani haya yanashusha sukari? Panya wa maabara walinyweshwa maji ya majani hayo, wakapimwa damu. Sukari haikubadilika.

Wengi wangeishia hapo na kuandika kwamba dawa ya wenyeji ni uongo. Wao wakaendelea. Walijaribu kuwapiga panya sindano yenye dawa iliyokamuliwa kwenye majani yale. Sukari haikushuka, lakini likatokea jambo lisilotarajiwa: baada ya takriban wiki moja panya walianza kufa. Walipopasuliwa walikutwa wamejaa majipu ndani ya miili yao. Vijidudu ambavyo mwili wenye afya huvishinda kila siku vilikuwa vimewamaliza.

Kwa nini? Walipotazama damu waliona chembe nyeupe zimepungua sana. Chembe nyeupe ndizo askari wa mwili. Walipotazama uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa ambako chembe za damu hutengenezwa, waliona umedhoofika. Kumbe ndani ya jani la ua la bustani mna kitu kinachozuia chembe nyeupe za damu zisizaliwe.

Hapo ndipo fikra ilipogeuka. Kuna ugonjwa ambao shida yake ni kinyume cha hiyo: chembe nyeupe zinazaliwa kwa fujo, bila mpaka, mpaka zinaijaza damu na kumuua mgonjwa. Ugonjwa huo ni lukemia, saratani ya damu, na ni miongoni mwa saratani zinazowapata watoto zaidi. Kitu kilichowaua panya huenda kikamponya mtoto, kikitolewa kwa kipimo.

Mwaka 1954 mkemia kutoka Uingereza, Charles Beer, alijiunga na maabara ile. Kazi yake ilikuwa kukitafuta hicho kitu ndani ya jani na kukitenga na vingine vyote. Kazi ya kuhesabu chembe za damu za panya, siku hadi siku, ilifanywa na fundi wa maabara Halina Robinson, mama mwenye asili ya Poland. Jina lake halitajwi mara nyingi, lakini bila jicho lake na subira yake Beer asingejua ni sehemu gani ya majani yenye nguvu na ipi haina.

Mwaka 1958 walifanikiwa. Dawa waliyoipata leo inaitwa vinblastini. Mwezi Machi mwaka huo walikwenda New York kuieleza katika mkutano wa wataalamu. Walikuwa wamechelewa kuomba nafasi, hivyo wakapangwa mwisho kabisa, usiku sana, wakati wengi walikuwa wamekwenda kulala. Miongoni mwa waliobaki walikuwemo watafiti wa kampuni ya dawa ya Marekani, Eli Lilly, ambao nao, bila wao kujua, walikuwa wakiuchunguza mmea huo huo na wameona panya wenye lukemia wakiishi zaidi. Kutoka hapo pande mbili zikashirikiana. Mkemia wa kampuni hiyo, Gordon Svoboda, alitoa katika vinka dawa ya pili, vinkristini, ambayo iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963.

Mmeliona jina? Vinblastini, vinkristini. Ni ile vinka ya Linnaeus.

KAMPALA, MWAKA ULE ULE

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya zote mbili, juu na chini. Muda mfupi baadaye, alipokuwa Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna hiyo hiyo. Akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali na kukuta watoto wengi waliokufa kwa uvimbe huo, kila mmoja akiandikiwa jina tofauti la ugonjwa. Mwaka 1958, mwaka ule ule wa mkutano wa New York, alichapisha maelezo yake. Leo ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani inayokua kwa kasi kuliko karibu saratani zote za binadamu. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Burkitt alikuwa bingwa wa kisu, lakini kisu hakikufaa kitu hapa. Ukikata taya, ugonjwa unatokea tumboni. Hivyo alijaribu dawa mpya za saratani, zilizokuwa zikitolewa na makampuni ili zijaribiwe, na miongoni mwazo ilikuwa vinkristini. Mwaka 1966 alichapisha taarifa ya wagonjwa wa Kiafrika aliowatibu kwa dawa hiyo. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo maalumu cha tiba ya ugonjwa huu, ambacho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Daktari Mmarekani John Ziegler na wenzake Waganda walichanganya dawa kadhaa pamoja, vinkristini ikiwemo, na watoto ambao zamani wangezikwa ndani ya miezi michache walirudi majumbani. Wageni walipoondoka katika miaka ya 1970, siku ngumu za nchi hii, Profesa Charles Olweny aliiongoza taasisi na kazi haikusimama.

Wanafunzi wetu tunawaomba mlishike hili. Mafunzo ya kutibu saratani kwa kuchanganya dawa, ambayo leo yanafuatwa hospitali kubwa za dunia, sehemu yake ilijifunzwa Kampala, kwa watoto wa Kampala, Arua na Lango. Hatukuwa wapokeaji tu.

DAWA HII INAFANYAJE KAZI?

Kila chembe ya mwili inapotaka kugawanyika kuwa mbili, kwanza inafanya nakala ya maelezo yake ya uzazi, kisha inatengeneza nyuzi nyembamba sana za kuvutia nakala moja upande huu na nyingine upande ule. Vinkristini na vinblastini zinazuia nyuzi hizo zisijengeke. Chembe inakwama katikati ya kugawanyika, na mwisho inakufa. Kwa kuwa chembe za saratani zinagawanyika mfululizo, hizo ndizo zinazoumia zaidi.

Lakini zisizo na hatia nazo huguswa. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kunyonyoka nywele, kufa ganzi vidole, kufunga choo, au kulegea miguu. Dawa hii hutolewa kwenye mshipa wa damu tu. Ikikosewa ikadungwa kwenye uti wa mgongo inaua, na madaktari duniani kote wanaonywa juu ya kosa hilo. Kipimo cha mtu mzima kwa mara moja kwa kawaida hakizidi miligramu 2. Huo ni uzito mdogo kuliko punje moja ya mchele! Na kuipata gramu moja tu ya dawa hizi kunahitaji mamia ya kilo za majani makavu.

Hebu tulinganishe hayo na sufuria ya chai jikoni. Nani atakayejua ndani ya kikombe mna kiasi gani? Jani hili lina dawa nyingine kadhaa za asili mbali na hizi mbili, nyingi zenye nguvu. Ule uchungu ambao mbuzi anaukimbia ni onyo.

TUKUMBUSHANE PIA HAKI

Kuna sehemu ya historia hii inayouma. Dawa hizi zimeuzwa duniani kote kwa miaka zaidi ya 60, na Madagascar, nchi ya asili ya ua, haikupewa fungu katika faida. Huko kusini mwa kisiwa, katika eneo kavu la Androy, watu maskini wanachuma vinka na kukausha majani na mizizi kwa ajili ya kuuzwa nje, na wanachopata ni kidogo.

Wanaotetea upande wa pili wanasema: ua lilitoka Madagascar karne nyingi zilizopita, majani ya kwanza yalitoka Jamaica, imani ya kisukari ilikuwa ya nchi nyingi, na dawa ya saratani hakuna mwenyeji aliyeijua. Sasa nani alipwe? Swali ni gumu, na sisi hatusemi ni jepesi. Lakini ugumu wa hesabu si sababu ya kutolipa kabisa. Kisa hiki ni kimoja kati ya vile vilivyotajwa sana mataifa yalipokubaliana, kwanza huko Rio mwaka 1992, kisha katika Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 iliyoanza kutumika mwaka 2014, kwamba anayechukua mmea wa nchi ya watu na maarifa yao ni lazima aombe ruhusa na agawane faida. Dini yetu inatuamrisha kutimiza vipimo na mizani, na mizani haiko dukani peke yake.

Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba wameweza kuifanya hamira, ya jamii ile ya kuumulia mikate, itengeneze malighafi mbili za vinblastini bila kuhitaji shamba. Walisukumwa na uhaba, kwani mwaka 2019 hata Marekani ilipungukiwa na vinkristini. Ni habari njema kwa wagonjwa. Kwa wachumaji wa Androy, hata kile kidogo huenda siku moja kikakoma.

WANAZUONI WETU WALISEMAJE?

Vinka haikujulikana kwa matabibu wa Kiislamu wa zamani, na si vizuri kuwasingizia. Lakini njia iliyofuatwa kuipata waliijua vizuri. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika juzuu ya pili ya kitabu chake cha Qanun aliweka masharti ya kuipima dawa. Miongoni mwayo: dawa ipimwe ikiwa katika hali yake halisi. Ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja ulio wazi na si magonjwa yaliyochanganyika. Matokeo yake yaonekane mara kwa mara, kwa sababu yakionekana mara moja huenda ni sadfa. Na mwisho, ijaribiwe kwa binadamu, kwa kuwa inayomfaa mnyama huenda isimfae mtu. Ibn al-Baytar wa Malaga, aliyefariki Damascus mwaka 1248, alikusanya maelezo ya dawa na vyakula zaidi ya 1,400, akiyapima maneno ya waliomtangulia na kuyakosoa alipoona yamekosewa.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake. Hadithi hii tunaipenda na tunaisoma sana. Lakini iko riwaya inayoongeza kwamba dawa hiyo anaijua anayeijua na haijui asiyeijua. Na iko hadithi nyingine, ambayo wauza dawa wa barabarani hawaisomi, kwamba mtu anayejifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu, basi anabeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Hadithi ya kwanza inatupa matumaini, na hizi zinatutaka tumwendee mwenye elimu.

TULIVYOMJIBU MZEE

Tulirudi kwa mzee wetu Ijumaa iliyofuata tukamsimulia yote haya, tumekaa kwenye mkeka. Tukamwambia: "Mzee, majani haya usinywe. Walioyapima kwa ajili ya sukari hawakuipata dawa uliyoambiwa, na ndani yake mna kitu kinachoangusha askari wa mwili wako. Twende kliniki, tupime, tupate dawa inayojulikana kipimo chake."

Kwa wazazi nasi tuna neno. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 katika kila 100 wenye saratani wanapona, na katika nchi za kipato cha chini na cha kati hawafiki 30. Kabla ya miaka ya 1960 hata huko kwa matajiri mtoto mwenye lukemia kali alikuwa wa kufa, na leo karibu 9 kati ya 10 wenye aina iliyo ya kawaida zaidi wanaishi. Dawa ni zile zile, na ua ni lile lile tulilo nalo uani. Tofauti kubwa ni kwamba kwetu mtoto anachelewa kufika, au anakosewa kutambuliwa ugonjwa, au dawa hazipo, au wazazi wanakosa nauli na kukatisha tiba.

Mengi ya hayo hayako mikononi mwetu, lakini kuchelewa mara nyingi kuko mikononi mwetu. Homa isiyokwisha, mtoto kupauka na kuchoka, fizi kutoka damu, alama za kuvilia damu bila kuanguka, maumivu ya mifupa: mpelekeni akapimwe damu. Taya kuvimba haraka, meno kulegea kwa mtoto mdogo, jicho kutokeza, tumbo kukua: msingoje hata wiki. Msianze kwa mganga mkaishia hospitali, kwa sababu ugonjwa unaoongezeka maradufu kwa siku mbili haumsubiri mtu amalize chupa ya dawa ya mizizi. Na mkisikia jirani ana mtoto anayetibiwa akakosa nauli ya kurudi, hiyo ni sadaka iliyo karibu nanyi.

Wala hatusemi mdharau maarifa ya wazee. Kama watu wa Jamaica wasingechemsha majani yale, bahasha isingetumwa, na dawa ingebaki imefichika kwenye ua watu wanalolikanyaga. Wenyeji waliotambua kwamba jani hili lina nguvu walisema kweli. Nguvu yenyewe ni ya nini, hilo lilihitaji mizani, subira, na watu walio tayari kukubali kwamba walichokitafuta hawakukipata.

Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akacheka kidogo akasema: "Basi ua hili limeninyima mimi likawapa wajukuu." Akakubali kwenda kliniki. Kabla hatujaondoka akamgeukia kijana aliyekuwa akifyeka majani kandokando ya ukuta, akamwambia: "Hayo mengine fyeka. Hili liache."

Bado lipo hapo, karibu na bomba la udhu.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wazazi wanaouguza, na atupe elimu yenye manufaa. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.